Beti Nne Zangu Katika Shairi la Babu

Lusaka, Jumapili

Mama yangu,

Salamu za kwanza ni zako, kabla ya za muntu mwingine yeyote. Magoti yanasemaje na baridi ya Kamina? Minyi niko muzima, cherehani zangu nne ziko zima. Zaina mdogo wetu anayekusomea asicheke mwandiko wangu.

Yaya Amisi, mkubwa wetu, alinipigia simu juu ya ndoa ya Zaina. Akasema safari hii beti zangu ataziimba Halima, muke wake. Nikamuuliza tangu lini. Akajibu: "Weye hauko. Kwa ndoa ya Ramazani tulipiga dufu ya bure, bila mwimbaji, beti nne nzima, bantu wanaangalia mlango. Tutapiga vile mpaka lini?" Nikakata simu. Njo maana naandika, mdomo ungesema mabaya.

Mama, weye unajua hesabu kuliko Amisi. Lile shairi la kale alilolibeba Babu kichwani kutoka Kasongo ni beti ishirini na nne. Nane zako, kwa kuwa weye njo ulilitilia sauti likawa wimbo. Nne kwa kila mutoto, sisi wanne. Babu alitugawia siku ya kuhitimu Kurani, akakataza mtu kuimba za mwenzake hata kama anazijua.

Baba alipokufa na butiki ikabaki mbao tupu bila mali ya kuuza, nani alitumwa kwenda kutafuta? Amisi alibaki na vitabu vyake. Minyi nilipanda treni na cherehani ya mkono, nikavuka mpaka peke yangu. Miaka tisa. Chumba changu mkampa Halima, sikusema kitu. Na beti tena?

Nilikaa na hasira siku sita. Ya saba umeme ukakatika mchana, cherehani zikanyamaza. Wasichana wanaoshona kwangu wakaniomba wimbo wa kwetu. Nikapiga meza kwa rula ya mbao, nikaanza. Mama, niliuona ua wetu umemwagiwa maji ili vumbi lilale, mikeka imetandikwa, samaki wa Kinkondja wanakaangwa nyuma ya nyumba, nawe na dufu yako, kichwa umekiinamisha upande wa kushoto, unatusubiri tushike sauti. Nikaimba ubeti wa kwanza, wa pili. Wa tatu:

Nimeondoka nyumbani,
moto ungali mekoni,
jina langu mlangoni,

Hapo nikakwama. Nilirudia mara tano. Mstari wa nne una silabi nane, unaishia na *ra* kama beti zote, najua hata sauti inaposhukia. Maneno hayako. Wasichana walidhani wimbo umekwisha, wakapiga makofi.

Ninagombania beti nne, kumbe niko na tatu na robo tatu.

Kuja siwezi. Karatasi yangu ya kukaa huku inafanywa upya. Nikitoka sasa, mpakani hawataniacha nirudi. Basi Halima azichukue. Umufundishe weye mwenyewe, asikimbie kwenye ubeti wa pili, hapo kila mtu anakimbia. Dufu ya bure basi, inatosha.

Amisi umusalimie, yeye mwana wako wa kwanza. Umwambie nimekubali, na kwamba chumba bado kinaniuma. Ramazani, mdogo wangu, na muke wake. Shangazi wa Kaniama na ng'ombe zake. Zaina, bibi harusi wetu, Mungu akupe nyumba yenye kicheko.

Na Halima, muke wa yaya wangu: siku moja kabla ya ndoa anipigie simu. Asinipe pole, asinieleze kitu. Aniimbie ule ubeti wa tatu, mistari yote minne, polepole. Minyi nitamufuata nyuma.

Mkono wangu uko ndani ya wako,

mutoto wako wa pili,
Salima