Filamu ya Mama Ambayo Haijasafishwa

Nsemulwa,
Mpanda.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Romana,

Habari za huko Ujerumani? Natumaini wewe, shemeji na mpwa wangu Agatha mnaendelea vizuri, na zile zamu zako za usiku hospitalini zimepungua. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Felista goti linamsumbua, lakini shamba haliachi. Mahindi yamekauka na tumeanza kuvuna. Asubuhi kuna baridi kali, tunatembea na makoti ya mitumba kama tuko huko kwenu.

Ujumbe wako niliupata. Niliusoma, nikaurudia, kisha nikazima simu, maana jibu lake si la kuandika kwa kidole. Uliniuliza, "Kaka, umepiga picha hadi mabehewa ya treni, mama yetu ndiye umeshindwa?" Una haki ya kuumia. Hukuwahi mazishi, na ulichoona ni ile picha ya juu ya jeneza tuliyoikuza kutoka kadi yake ya kupigia kura, amekunja uso utadhani amegombana na mpiga picha.

Ni kweli, wakati wa kuaga mwili pale Kasansa niliwaomba watu wote washushe simu zao. Kaka yetu Faustini alikasirika, hadi leo tunasalimiana kwa shida. Yeye hakuniuliza sababu. Wewe umeuliza, ngoja nikueleze.

Baba alipofariki ulikuwa bado shule ya msingi. Mimi nilikuwa na ile kamera ya Kirusi niliyouziwa na fundi wa reli aliyekuwa anahama, na kila mtu msibani akasema, Damiano, piga. Nikapiga. Filamu ikaenda Tabora kwa treni kusafishwa, na picha zikarudi safi kabisa, watu wakazisifia. Tangu hapo, nikimkumbuka baba inanijia ile sura ya kwenye jeneza, yenye pamba puani. Baba akicheka, baba akiwa majarubani kwenye mpunga wake, simwoni tena. Picha zake za uhai ninazo, nilizipiga mwenyewe, lakini nikizitazama ni kama natazama mgeni. Sikutaka hayo yakupate na wewe. Kwa hilo siombi msamaha.

Utauliza, basi za mama akiwa hai ziko wapi? Za zamani unazo. Ila tangu apate kiharusi na uso kuvutwa upande mmoja, aliichukia kabisa kamera ya dijitali uliyonitumia. Nikibonyeza tu, ananyoosha mkono aone kioo. "Futa hiyo. Romana asinione hivi." Nafuta. Na alikuwa anasimamia, hadi kile kialama cha pipa la taka alikuwa anakijua. Wakati mwingine nilicheka, lakini usiku iliniuma.

Mwezi wa pili nikaitoa kamera ya zamani. Nilikuwa na filamu moja imebaki, niliitunza kwenye friji miaka mingi, Felista akinisema kila siku. Mama akaigeuza kamera nyuma, akatafuta kioo, hakukiona. Akaniuliza inaonyeshea wapi. Nikamwambia haionyeshi mpaka isafishwe, na Mpanda siku hizi hakuna tena anayesafisha. Akanirudishia kamera. "Basi piga."

Alivaa kile kitenge cha bluu ulichomletea. Nilimpiga akichambua mchele, akinikaripia kwa kuchelewesha chai, akisinzia na rozari mkononi. Sijawahi kumwona ametulia hivyo mbele ya kamera, Romana, na nimempiga picha tangu nikiwa kijana. Filamu ilipoisha hakuuliza tena habari zake. Kabla ya Pasaka akatutoka.

Filamu hiyo ndiyo iliyomo kwenye kikopo alichokuletea Padre Alois pamoja na barua hii. Anakuja huko masomoni. Nimemsihi uwanja wa ndege aombe ikaguliwe kwa mkono, isipitishwe kwenye mashine ya mizigo, maana miale yake huharibu filamu. Muda wa filamu hiyo kutumika ulishapita siku nyingi. Huenda rangi zimeharibika, huenda hakuna kitu kabisa. Lakini nasikia huko wapo wanaosafisha bado.

Ila kuna jambo lazima ulijue kwanza. Mama alikubali kupigwa picha kwa sababu aliamini hakuna atakayeziona. Na aliyekuwa anamficha hasa ni wewe. Nimekaa na kikopo hiki tangu tumzike. Nikitaka kukitupa nakumbuka ulivyolia kwenye simu, nikitaka kukituma namsikia yeye. Nimeshindwa kuamua, mdogo wangu, na nimechoka. Amua wewe uliye mwanaye wa mwisho. Ukikitupa, sitakulaumu.

Mpigie Faustini, hata kama ni mkali anakupenda. Felista, mwanangu Japhet na shangazi Skolastika wa Kasansa wanakusalimu sana. Nisalimie shemeji, na umwambie Agatha asiache Kiswahili. Mungu akushike mkono katika msiba huu ulioubeba peke yako ugenini, na Mama Bikira Maria akufariji.

Ukiamua kuisafisha, usinitumie picha hata moja. Nipigie tu uniambie amekaaje. Mimi bado namwona.

Ni mimi kaka yako akupendaye siku zote,
Damiano