Boksi Lako la Michezo, na Ule Wimbo

Mama Zuhura,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini tulikaa meza moja miaka sita na sikuwahi kuvuta kiti kabla sijakuamkia, kwa hiyo sitaanza leo. Nakuandikia nyuma ya andalio la somo la wiki iliyopita, kwa sababu karatasi ni shida vilevile ulivyoziacha, na kwa sababu andalio lenyewe ni uongo. Nimeandika huko mbele kwamba darasa la kwanza "watakariri silabi kwa sauti." Darasa lako, wakariri! Lakini Mwalimu Mkuu hapigi sahihi asipoliona neno hilo. Nimekasirika tangu masika ulipofariki mpaka sasa korosho zinadondoka, na sehemu kubwa ya hasira hiyo, nisamehe, ni juu yako wewe.

Nianze na huyo Mwalimu Mkuu, maana hukumkuta. Aliletwa wiki moja baada ya arobaini yako. Bado kijana, suruali zake za mitumba zimepigwa pasi mpaka zinakata, na neno lake ni moja tu: soko huria. Chaki zikiisha, soko huria. Mzazi akilalamikia michango, soko huria. Anasema kila shule sasa inashindana, na atakayeulizwa kuhusu matokeo ya darasa la saba ni yeye, si mimi na kamba zangu. Siku ya tatu alipita dirishani, akawakuta watoto wameingia ndani ya kamba ya mchezo wetu wa basi wakipiga honi kwa midomo. Akaniita ofisini kuniuliza kama hapa ni shule au kituo cha mabasi. Nikamwambia ni vyote viwili. Hakucheka, na mimi nilipofika nje nilijilaumu, kwa sababu wewe ungemwalika apande.

Basi lile la Tandahimba ndilo linaloniuma zaidi. Unakumbuka mwaka wangu wa kwanza hapa, nimetoka Lulindi na cheti changu, nasimama ubaoni nasema ba be bi bo bu, na watoto arobaini wanaitikia ba be bi bo bu, wakitoka nje hawajui hata moja? Ulikaa nyuma ya darasa kipindi kizima umekunja mikono. Baadaye ukaniambia, "Mwalimu Esta, mtoto hasomi kwa masikio peke yake." Kesho yake ukaja na boksi lako la sabuni lililofungwa kamba ya katani. Kadi za silabi ulizikata kwenye makasha ya karatasi ngumu ya dukani, ukaziandika kwa mkono wako, ile "a" yako yenye mkia mrefu. Ukawapanga watoto kuzunguka darasa, kila mmoja kituo chake na kadi kifuani, ukafunga ncha za kamba ikawa basi, ukamteua dereva na kondakta. Kondakta akaita, "Abiria wa korosho!" Basi likaenda kumchukua ko, likamfuata ro, likampitia sho, na walipofika mbele wamejipanga darasa zima likasoma neno. Aliyepanda vibaya alishushwa, na hakuna aliyelia. Kipindi kile nilijifunza kazi ya ualimu kuliko miaka miwili yote chuoni.

Na Somoe je? Alianza shule Januari hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, nyumbani kwao ni Kimakonde tu kwa bibi yake. Alikaa mwezi mzima kama hana ulimi. Wewe ukampa kadi ya ma, halafu ukamwagiza dereva ampite. Siku ya kwanza basi likampita. Siku ya pili likampita. Mimi nilikununia, nikakuona una roho mbaya, na chai ya saa nne sikukumiminia. Siku ya tatu basi lilipompita, alipiga mguu chini akapaza sauti: "Mimi ni ma! Basi rudi!" Sentensi yake ya kwanza ya Kiswahili, na ilikuwa ya kudai haki yake. Uligeukia ubaoni ukajifanya unafuta, lakini ubao ulikuwa mtupu, Mama Zuhura, nilikuona.

Michezo mingine iliendelea kwa shida. Mchezo wa ndoo bado tulikuwa nao, ule wa kuwapanga watoto kama ndoo za foleni ya maji, wa kwanza hadi wa ishirini, mmoja anachomekea, na darasa linatafuta nani amesogezwa nyuma. Huo haufi, kwa sababu bomba halijapona na kila mtoto anaijua foleni. Lakini lile debe la korosho za kuhesabia limekwisha. Siku hizi wanunuzi binafsi wanaingia na magari hadi uwanjani kwa watu, na mzazi hakubali hata punje kumi zikae shuleni. Wengine walikuja kudai zile za mwaka jana. Nilizirudisha, nikaokota vizibo vya soda nje ya maduka, maana hivyo sasa vimejaa kila mahali. Wewe uliwahi kutuma mtu mpaka Masasi atuletee vizibo. Hilo soko huria limetupa, nikubali.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Darasa la tatu walikuwa wamekwama kwenye jedwali la tatu. Tatu mara saba, tatu mara nane, wanaruka kama mbuzi. Nikatafuta wimbo wa kuwasaidia, na wimbo uliokuja kichwani ulikuwa wako, ule uliokuwa ukiuimba chini chini, bila maneno, ukisahihisha madaftari jioni tukibaki wawili. Miaka sita niliusikia. Sikujua ni wa nini na sikuwahi kukuuliza. Niliuona kama sehemu ya kalamu yako nyekundu. Nikasema, basi wakukumbuke. Nikaupachika maneno ya jedwali, nikaweka makofi mahali pa jibu, wavulana upande huu, wasichana upande ule, wakirushiana namba. Jamani, walishika siku moja! Siku moja tu, Mama Zuhura, hata yule mtoro wa siku za gulio alishika. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kwanza tangu tukuzike.

Watoto nao walirudi nyumbani wakiimba, wavulana kwa wasichana, njia nzima.

Kesho yake, kabla ya kengele, wanawake walikuwa wamejaa mbele ya ofisi. Sikuelewa kitu. Mama Hadija, ambaye juzi yake tu alinipa mihogo, hakunijibu salamu. Mwalimu Mkuu aliniita, na mbele yao akaniuliza nimefundisha nini. Nikaanza kueleza habari za jedwali la tatu, na nilipofika kwenye wimbo mmoja wao alijifunika uso kwa kanga. Ndipo nilipoambiwa kwamba ule ni wimbo wa unyago wenu, wa ndani kabisa, hauimbwi mchana, hauimbwi mbele ya mwanaume, na mimi nilikuwa nimeuweka vinywani mwa wavulana wa miaka kumi wanaochunga mbuzi. Mimi mtu wa Lulindi! Kwetu unyago ulipitia mikononi mwa kanisa na nyimbo zetu ni nyingine, ningejulia wapi? Niliomba radhi hadi sauti ikakauka. Asiyejua maana haambiwi maana, alisema mmoja, na wakaondoka.

Mwalimu Mkuu alipata alichokuwa akikitafuta. Hakuupiga marufuku wimbo peke yake, alipiga marufuku michezo yote. Alibeba boksi lako mwenyewe, akalifungia stoo pamoja na majembe ya shamba la shule. Shule si uwanja wa ngoma, akasema, na kuanzia siku ile ni kukariri. Kwa hiyo nikarudi kwenye ba be bi bo bu. Watoto wakaitikia vizuri tu, wameinamisha vichwa. Somoe aliuliza mara moja basi liko wapi. Nilimwambia limeharibika. Baada ya hapo hakuuliza kitu kingine, na mwisho wa Agosti alikuwa kimya kama Januari. Nilipomnyooshea ma ubaoni aliitazama, akanitazama mimi, akafunga mdomo.

Hapo ndipo nilipokukasirikia kwelikweli. Ulinifundisha kukata kadi, ulinifundisha mtoto wa kumpita na basi na mtoto wa kutompita kamwe, hata namna ya kufuta ubao ulinifundisha. Hili je? Miaka sita unaimba sikioni mwangu kitu kinachoweza kunifukuzisha kijijini, husemi neno! Na tena hukuwahi kuniita mwanangu. Kila mtu ulimwita mwanangu: muuza mafuta, makanika wa pampu, hata mkaguzi aliyekuzidi umri. Mimi peke yangu nilikuwa Mwalimu Esta, asubuhi hadi jioni, kama niko kwenye barua ya serikali. Nilidhani labda kwa sababu mimi ni wa kuja. Nilikusema moyoni maneno mabaya, sitayarudia hapa.

Kijiji kilikaa vile, bila kuniitikia salamu, majuma matatu. Mwisho nilichukua kuku na unga wa muhogo nikaenda kwa Bibi Asumini, kungwi, yule aliyekucheza unyago wewe mwenyewe ulipokuwa mwali. Nilimkuta uani anabangua korosho. Alipokea shikamoo yangu, akanionyesha mkeka, akaendelea kubangua mpaka jua likahama. Mikono yake imeungua yote kwa mafuta ya maganda na hatazami anachofanya. Halafu akaniuliza aliyenifundisha wimbo ni nani. Nilitaka kukuficha, lakini sikupata uongo wa kutosha. Nikasema hakuna aliyenifundisha, niliusikia kwako ukisahihisha madaftari. Jiwe lake likasimama hewani. Akauliza tulikuwa na nani mle ofisini. Nikamwambia hatukuwa na mtu, wewe na mimi tu. Siku moja? Hapana Bibi, miaka sita.

Aliweka jiwe chini, akapangusa mikono.

"Wimbo ule," akasema, "mwanamke hauimbi ila mbele ya binti yake. Basi hukuiba. Umerithi, ila hukupewa masharti."

Nililia, Mama Zuhura, nililia uani kwa watu kama mtoto aliyeangusha ndoo, na Bibi Asumini akaniacha nilie, akarudi kwenye korosho zake. Nililia kwa hasira pia. Ungesema! Ingekugharimu nini kusema mara moja, hata kwa kusahau?

Jumatatu yake Bibi alikuja shuleni na mkongojo wake na wanawake wawili. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alimwambia Mwalimu Mkuu kwamba wimbo ni wao na umesharudi nyumbani, lakini makaratasi ni ya watoto, na haoni yanafanya nini pamoja na majembe. Yule bwana wa soko huria aliitikia ndiyo Bibi, ndiyo Bibi, akiwa amesimama. Kisha akapoteza ufunguo wa stoo wiki nzima. Alipoupata na kunikabidhi boksi, aliongeza kwamba kwenye andalio niendelee kuandika kukariri, asije akaulizwa. Ndiyo sababu ya uongo niliokutajia.

Mchwa walikuwa wamenitangulia. Wamekula upande mzima wa chini, kamba na kadi zaidi ya nusu. Ko imebaki, sho imebaki nusu yake. Ma imekwenda yote. Nilikaa sakafuni na vumbi la mwandiko wako mapajani nikatukana kimoyomoyo, mchwa na mwenye ufunguo na wewe uliyetumia makasha badala ya mbao. Kisha nikaomba makasha dukani, nikamwita Somoe, nikampa kalamu. Aliandika ma, polepole, ulimi nje, na ile "a" ameitia mkia mrefu hadi pembeni ya kadi. Akaivaa kifuani mwenyewe akaenda kusimama kwenye kituo chake. Nilimwambia dereva asithubutu kumpita. Somoe akasema, "Akipita nitamwita."

Mwezi huu tumeletewa mwalimu mpya, Mwalimu Tumaini, binti wa miaka ishirini na moja kutoka Songea. Anasimama ubaoni na ba be bi bo bu, watoto wanaitikia. Nimekaa nyuma ya darasa lake kipindi kizima, nimekunja mikono. Amekaa kwenye kiti chako, na nimeshindwa kumzuia, maana vya kukalia ni viwili. Juzi jioni tulibaki wawili tunasahihisha, nikastuka kujisikia ninaimba chini chini, wimbo ule ule, kalamu nyekundu mkononi. Nikanyamaza papo hapo. Aliinua kichwa, akauliza ni wimbo gani ule mzuri. Nikamwambia asahihishe madaftari yake.

Bado simjui. Analalamika sana kuhusu maji na anawaogopa wazazi. Lakini jana alinifuata na mkasi akaniomba nimwonyeshe namna ya kukata kadi, na tukakata hadi kiza kikatufukuza.

Basi lala salama, Mama Zuhura. Dua yako wanawake wataisoma Ijumaa, na nimeombwa nichemshe chai, kwa hiyo wamenisamehe. Nami ninakuahidi hivi: wimbo wako hautasikika tena darasani mwangu. Na siku nitakapoona Tumaini ni wa kuimbiwa, nitaweka kalamu chini kwanza. Nitamwita mwanangu, nimsikie akiitika, nimweleze wimbo ni wa nani na masharti yake ni yapi. Ndipo nitaimba.

Wako,
Esta