Mafiga ya Mama

Orpa, wacha kazi hapo Ruharo kidogo, usome.

Leo nilimusindikiza Mama kwenye ile senta ndogo ya maduka pembeni ya ziwa Nakivale. Bibi Yudaya, mwenyeji wa hapa, akatuonyesha fasi moja yenye mawe mingi. Akasema, "Hapa tulizika watoto, mwaka ule wa surua. Kila mtoto jiwe moja."

Orpa. Jiwe moja!

Mama akashika kichwa. Unajua mafiga yetu? Siku tulifika toka Fizi, Kongo, aliyaokota palepale, matatu. Alifikiri ni mawe tu. Miaka tisa tumeyapikia! Ugali, maharagi, hata chakula cha ubatizo wa mudogo wetu Gradi.

Hakuficha. Tulirudi nyumbani, akayafunga ndani ya kitenge, akayabeba mwenyewe mpaka kule.

Bibi Yudaya hakufoka. Aliuliza tu, "Kila moja ulitoa fasi gani hapa?"

Mama hakukumbuka. Hata moja, Orpa.

"Wangu alikuwa na mwaka moja na nusu," Bibi akasema.

Na mawe yote meusi kwa moshi, yanafanana.

Basi Bibi akapiga magoti, akayabusu yote matatu. Masizi yakamubakia mudomoni, na hakuna aliyethubutu kumupanguza.