Dawa Moja Tu Ilimsaidia Mama Poni

Mama mpendwa,

Kabla sijasema langu, niambie kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko Limuru. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo bado umeshtuka.

Unamkumbuka Mama Poni, jirani yangu hapa mtaani Sherikat, anayeuza karanga za kusaga kwenye soko la Custom? Alishikwa na nimonia. Akalazwa hospitali ninayofanyia kazi, akachomwa sindano tulizozoea, lakini homa ikazidi kupanda. Alihema kama mtu anayezama.

Damu yake niliiotesha mwenyewe maabarani, kwenye sahani ya kukuzia bakteria. Juu ya bakteria huwa tunaweka vikaratasi vyenye dawa. Dawa ikifanya kazi, duara tupu hubaki pale walipokufa. Asubuhi nikafunua sahani. Bakteria walikuwa wamesongamana hadi ukingoni mwa karibu kila kikaratasi. Duara lilikuwa moja tu.

Nilimwita Daktari Lado, mkuu wetu. Akaja, akatazama.

"Wamewezaje?" nikauliza.

"Mwenzao akifa, jeni zake humwagika," akasema. "Aliye hai huziokota na kuziunga kwenye zake. Kati yake ikiwamo ya kuishinda dawa, naye anakuwa sugu."

"Kwa hiyo hata maiti zao zinawafaa?"

"Zinawarithisha, binti yangu."

Mama, nimesoma hayo chuoni, nikafaulu mtihani. Lakini kuyaona ndani ya mtu anayeniita mwanangu! Nililia hapo hapo.

Dawa ile moja ilitafutwa mji mzima, ikapatikana. Akaanza kuchomwa, na homa ikashuka. Juzi aliruhusiwa, na vidonge vya kumalizia dozi, wasibaki bakteria wa kurudi wakiwa sugu zaidi.

Jana nikapita kumjulia hali. Alinivuta karibu, akatoa vidonge vyake vimefungwa kwenye kitambaa.

"Mimi nimewekea wewe," akanong'ona kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi iko sawa sasa. Wewe iko nakohoa na vumbi ya huku."

 Nilitaka kumfokea, Mama, nikashindwa. Nikachota maji, nikampa kidonge chake, nikasimama mbele yake mpaka akameza. Kesho nitapita tena, na keshokutwa.

Nisalimie Shangazi Wambui na kwaya yake, na kaka Njoroge. Mwambie asinunue antibiotiki dukani bila kupimwa.

Mungu akulinde.

Mwanao akupendaye,
Wanjiru