Saa Kumi na Saba Angani

Minneapolis, Marekani

Mdogo wangu Anaeli,

Nisamehe kwa ukimya huu mrefu. Umenipigia simu mara nyingi nami sikupokea. Haikuwa dharau. Natumaini wote hapo Kimandolu hamjambo, na kwamba Mama bado anakunywa uji wake. Mimi si mzima, wala sitakuficha.

Mguu wangu wa kushoto ulianza kuvimba wakati wa baridi. Nilidhani ni uzee. Binti yangu Neema alinipeleka hospitali kwa nguvu, na daktari akasema kuna damu iliyoganda kwenye mshipa. Nilipomweleza kwamba nataka kusafiri, aliuliza nitakaa saa ngapi angani. Nikamjibu: nane hadi Ulaya, nusu siku ya kusubiri, kisha kama tisa nyingine hadi uwanja wa KIA. Aliweka kalamu chini. Alisema bonge hilo likichomoka nikiwa nimeketi muda wote huo, likaingia kwenye mapafu, hakuna atakayeweza kunisaidia huko juu.

Wewe uliniambia, "Kaka, kwani ndege unaiendesha wewe? Unakaa, unakula, unalala, unashuka KIA. Shida iko wapi?" Shida ndiyo hiyo, Anaeli: kukaa. Neema naye hapindishi maneno. "Baba, ukishushwa ndani ya sanduku, Bibi atakutemea wapi?"

Najua kwa nini unanihimiza. Mama hawezi kumtemea mtoto yeyote mikononi mate ya baraka ya kuagana kabla ya mzaliwa wake wa kwanza, na ninyi watatu mmekwama kwa ajili yangu. Jumapili ile ulipomshikisha simu, aliniamuru ninyooshe mikono. Niliinyoosha, nikiwa nimesimama jikoni kwa Neema. Nikamsikia akitema, nawe ukapiga kelele, "Mama! Simu yangu jamani!" Dada zetu walicheka, nami nikacheka. Kisha Mama akauliza, "Yamefika?" Nikasema yamefika. Akasema, "Mwongo. Mikono yako ni mikavu."

Tangu siku hiyo sijapokea simu yako tena.

Daktari atanipima juma lijalo. Asiponiruhusu, nitabaki na njia mbili: nipande ndege bila idhini yake, au nikuachie nafasi yangu wewe unayenifuata, ili wewe na dada zetu mbarikiwe. Nafasi hiyo ikishatolewa hairudi, na mimi nitazikwa bila neno la mama yangu. Sijaweza kuchagua.

Barua hii anakuletea jirani yangu wa hapa, mwenyeji wa Sakina, anayekuja kumwona mkewe. Yeye atakaa saa zote hizo bila kuufikiria mguu wake. Usimsomee Mama. Msalimie mkeo anayemwogesha kila asubuhi. Mwambie namshukuru kwa kazi ambayo ingenipasa niwepo kuiona. Wasalimie dada zetu wote wawili, na shemeji yetu wa Nduruma, ambaye nasikia anauliza kila siku kama nimekata tiketi.

Nikishaamua, nitakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini pumzi ya Mama ikianza kukatika kabla hujaipata barua hiyo, usinisubiri. Piga magoti mbele yake.

Kaka yako,
Eliakimu