Mstari Nilioruka

Jumatatu, 5 Juni 2017
Chai ya Bibi Edith, dawa ya presha, kisha makaratasi. Kila asubuhi hivyo tangu macho yake yaharibike. Mpwa wake aliyeko Amerika ametuma bahasha ya nne: nakala za kumbukumbu za ukoo wao, vizazi, ndoa, wosia. Mimi nasoma, yeye anasikiliza. Tunamfuatilia babu yake wa kale, Josia, mkulima Mkweka, Mkristo wa dhehebu lililopinga utumwa. Jumapili Bibi anatimiza miaka tisini, anataka kuwahadithia wanawe habari za Josia. "Hakuwahi kumiliki mtumwa," ananiambia kila siku. Mimi pia ni Mkweka, wa Vihiga. Kwetu tunajiita Marafiki. Nimempenda Josia kama wangu.

Jumanne, 6 Juni
Wosia wa Josia. Wino umefifia. Ng'ombe, magodoro ya manyoya, shamba kando ya kijito. Halafu: kwa binti yangu Rebeka, mwanamke mweusi Dina na mtoto wake.
Nikauruka mstari huo. Nikasoma kuhusu farasi. Bibi akatabasamu.

Jumatano, 7 Juni
Chumbani kwangu, mtaa wa La Rochelle, huku kusini mwa Afrika. Majirani Wakongo wanafanya mazoezi ya kwaya. Mimi nina hasira. Na Josia. Na nafsi yangu zaidi. Nilifundishwa kwamba Rafiki haapi, maana kila neno lake liwe kweli. Jana nilidanganya kwa kunyamaza. Lakini kibali changu cha kukaa nchi hii kimefungamana na kazi hii. Eish. Naogopa.

Alhamisi, 8 Juni
Nimemwambia. "Bibi, kuna mstari niliuruka." Nikausoma.
Akasukuma karatasi kando. Kisha: "Umesoma vibaya. Wewe ndiye unayetaka iwe hivyo."
Akanifukuza sebuleni. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ijumaa, 9 Juni
Hasemi nami. Alasiri binti yake, Joan, alikuja na lenzi ya kukuzia. Akasoma mwenyewe, mara mbili. "Mama, ndivyo ilivyoandikwa." Bibi akalia. Sikufurahi kuonekana mkweli. Hata kidogo.

Jumapili, 11 Juni
Keki, wajukuu, kelele. Nilikuwa jikoni, Bibi akaniita niketi karibu naye. Hakumsifu Josia. Alisema ana jambo la aibu, akalisema lote, na jina la Dina. Mjukuu mmoja akanung'unika kwamba leo si siku ya mambo hayo. Watu wawili waliondoka kabla ya keki kukatwa. Nilitazama sahani yangu tu.

Jumatatu, 12 Juni
Hakuniomba radhi. Alisema tu, "Lete bahasha zote. Tumtafute Dina."
Tumeanza upya. Kufikia adhuhuri tumemaliza mbili. Josia yumo kila mahali: kazaliwa, kaoa, kazaa, kazikwa. Dina hayumo. Mtoto wake pia hayumo.
Jua limefika kwenye magoti ya Bibi. Nimefungua ya tatu.