Mshonaji na Mnyororo

Jumatano, 6 Agosti 2025
Kwa heshima na taadhima, umma wa nyumba hii — yaani mimi, Amne na paka — unatangaziwa kuwa Mshonaji na Mnyororo, wauaji wa filamu za kutisha, hatimaye wanapigana. Filamu moja! Nimeipata dukani Mlandege, imo kwenye flashi. Enzi za kaseti tukibishana hadi koo zituume: mimi upande wa Mshonaji na mkasi wake, rafiki yangu Matar upande wa Mnyororo anayeburuta mnyororo wake. Majina tuliwapa wenyewe. Kiingereza hatukijui, basi mimi nasimama kando ya TV, natafsiri. Yaani natunga! Wauaji wangu lazima waamkiane kabla ya kuchinjana. Adabu kwanza.

Mke wangu Amne anasema nimpelekee Matar. Sukari imemchukua macho tangu mwaka jana, hatoki nje, hataki mgeni. Filamu kwa kipofu? Naona haya.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimempigia. Nikamwambia habari ya filamu. Naye, huku akicheka: "Wewe si mtafsiri? Njoo utafsiri." Mkewe, Bi Ummkulthum, kampokonya simu — anasema hajamsikia mumewe akicheka hivyo tangu Idi, nisipokuja atanifuata na mwiko.

Jumamosi, 9 Agosti
Chukwani, kwa Matar, baada ya alasiri. Mapazia chini, kahawa, kashata. Nikasimama kando ya TV kama zamani. Goti linalia, tumbo limetangulia.

"Mshonaji anabisha hodi. Shikamoo, Mnyororo."

"Marahaba!" Matar huyo. "Muulize, kanzu yangu ya Idi hajamaliza tu?"

Bi Ummkulthum kacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Tukaenda hivyo hadi karibu na mwisho. Mkasi ukaingia. Mnyororo akaanguka. Nikamtazama Matar — kajisogeza mbele, kashika magoti.

"Mnyororo anainuka!" nikasema. "Mshonaji anatimua mbio!"

"Simamisha."

Nikasimamisha.

"Mnyororo wake umeanguka sakafuni, nimeusikia. Haujaburutwa tena. Zamani ukinidanganya tucheke. Leo unanihurumia. Macho ndiyo yaliyokufa, bwana, mimi sijafa. Nambie."

Nikaacha kusimama. Nikakaa kwenye mkeka, ubavuni mwake. Mkasi umeingia hapa, nikamwambia, nikamgusa shingo. Damu nyekundu kama sharubati. Kalala chali, mkono kaunyoosha mlangoni. Hainuki, Matar. Na Mshonaji hakushangilia. Kakaa kando yake na mkasi wake, hajui aende wapi.

"Hajui?"

"Hajui."

Akapapasa, akanishika mkono wa shati. Hakuuachia.

"Haya," akasema. "Washa."